Mwaka Nilioipima Nyumba ya Mama Rukia

Mama Rukia alizikwa mwezi uliopita, na mimi nilifika msibani nimechelewa, kilemba kimekaa upande kwa haraka. Chumba cha wanawake kilijaa mikeka na harufu ya ubani, na juzuu zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Bibi mmoja mnene aliyeketi karibu na mlango alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akamwuliza mwenzake, bila kuishusha sauti vya kutosha, "Uyu mukristo anatafuta nani apa?" Kabla sijafungua mdomo, Rukia mwenyewe, binti wa marehemu, aliinuka, akanishika mkono, akanikalisha kando yake walipokaa ndugu wa damu. "Ni Espérance. Ni ye alipimaka nyumba ya babu," akawaambia. Wanawake wa zamani wakaguna wote pamoja. Sikujua mguno ule ulikuwa wa sifa au wa lawama, na mpaka leo sijui. Nikala pilau yao, nikalia kuliko nilivyotegemea, na niliporudi nyumbani nikaamua kuuandika mwaka ule mwenyewe, maana nimesikia watu wakiusimulia na wanausimulia vibaya.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni, nimepanga chumba Mutakura nyuma ya saluni moja ya kusuka, na nilikuwa na kazi ambayo nusu ya watu niliokutana nao hawakuamini kwamba ni kazi. Nilikuwa nathamini majengo ya biashara. "Yaani unalipwa kwa kuangalia nyumba za watu?" mama wa saluni aliniuliza, na wateja wake wakacheka vichwa vikiwa vimeinama. Ndiyo, nililipwa kwa kuangalia. Lakini niliangalia ofisini kwa Monsieur Déo, na kwa Monsieur Déo kuangalia kulikuwa na sheria zake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyuma, katikati ya mji, chenye feni iliyozunguka pale ilipopenda. Chini yetu walikata mabati kutwa, kwa hiyo patron wangu alizoea kusema kwa sauti kubwa hata mabati yaliponyamaza. Goti lilikuwa linamsumbua, ngazi za watu zilimshinda, na ndiyo maana aliniajiri mimi. Yeye alikuwa kichwa, mimi nilikuwa miguu, na nilijiapiza kwamba kabla mwaka haujaisha nitakuwa kichwa pia.

Alinifundisha njia tatu. Ya kwanza, unatafuta majengo yanayofanana na lako yaliyouzwa karibuni, unalinganisha, unaongeza hapa, unapunguza pale. Ya pili, unachukua kodi ambayo jengo linaleta kwa mwaka, unatoa matengenezo na miezi ambayo mlango unakaa umefungwa, kisha unajiuliza mnunuzi wa mji huu atakubali kutoa kiasi gani leo ili ale kodi hiyo miaka inayokuja. Ya tatu, unahesabu ingegharimu nini kulijenga upya, unaondoa uchakavu, unaongeza thamani ya kiwanja. "Kama njia tatu zinakutana karibu, umefanya kazi," alikuwa akisema. "Kama hazikutani, urudi terrain, kwenye jengo lenyewe, kuna kitu hukuona." Nimewafundisha vijana wengi tangu hapo, na nimesoma vitabu vinene kuliko tofali, lakini sijapata maneno bora ya kuwaambia kuliko hayo. Wale wasiotaka kurudi kutazama tena siwaweki kazini.

Nyumba ya Mama Rukia ilikuwa kwenye kona, mtaa wa Waasia, hatua chache kutoka barabara ya soko. Jengo la zamani la matofali ya kuchoma, kuta nene, dari za juu, ua wa saruji nyuma, na mbele milango mikubwa ya mbao inayofunguka barabarani, mingi ikiwa ya maduka ya wapangaji. Baba yake, mfanyabiashara wa asili ya Oman aliyeheshimiwa na mtaa mzima, alikuwa amefariki. Warithi walikuwa wawili tu: Mama Rukia, jina lake la kuzaliwa Zuwena, aliyeendesha duka la vitambaa la kona tangu ujana wake, na kaka yake Nasor, aliyekuwa akiishi Muscat na sasa amerudi kwa ajili ya mirathi, amefikia kwa rafiki yake mtaa wa Kinindo. Kwa sheria yao kaka alipata mafungu mawili na dada moja. Kaka alitaka jengo liuzwe, kila mtu achukue chake. Dada alitaka kulibakiza, na njia ilikuwa moja tu: amlipe kaka yake mafungu yake mawili. Walikubaliana mbele ya sheikh wao kwamba ofisi yetu itataja thamani na wote wawili wataifuata bila ubishi. Kwa maneno mengine, nikiandika thamani ndogo, Mama Rukia anabaki na nyumba ya baba yake. Nikiandika kubwa, anaipoteza. Hakuna aliyenieleza hivyo, ila haikuhitaji kuelezwa.

Nilikwenda na futi yangu ya utepe, nikaanza kupima. Nilipenda jengo lile tangu siku ya kwanza, na hilo si jambo zuri kwa mthamini. Nilipenda ubaridi wake saa za jua kali, na jinsi sauti za barabarani zilivyofifia ukivuka kizingiti. Nyuma ya duka la kona kulikuwa na chumba cha stoo na jiko dogo, na humo ndimo Mama Rukia alinikamata saa ya chakula. "We unapima na njaa? Utaona ukuta mbilimbili. Keti." Akanipakulia wali na samaki wa mukeke wa kukaanga, pilipili ya kusaga na ndimu, na alipoona nimemaliza akaongeza bila kuuliza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mwepesi wa kupakua. Siku zilizofuata ikawa ndagala, ikawa maharage ya nazi, ikawa sambusa za nyama alizonifungia nipeleke Mutakura. Nilikuwa nikiishi kwa mkate na chai, na sitajidai kwamba tumbo langu halikumpenda kabla ya moyo wangu.

Siku moja nilikuwa stoo, nimepiga magoti napima unyevu uliopanda chini ya ukuta, nikamsikia akizungumza dukani na jirani yake wa kike. "Unazania ataandika kidogo?" jirani akauliza. "Ataandika kidogo," Mama Rukia akajibu. "Ni mutoto muzuri, na mi namulisha vizuri." Wakacheka. Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba kicheko chake hakikuwa na ubaya wowote. Aliamini kabisa kwamba mambo yanakwenda hivyo. Nikatoka na utepe wangu mkononi, jirani akaona aende zake, na Mama Rukia akaniangalia bila aibu hata kidogo.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia, Mama Rukia."

"Bon. Basi sitazunguka. Andika kidogo, mutoto wangu. Uyo Nasor hana shida. Iko na nyumba Muscat, iko na gari. Mi niko na apa tu. Akiuza, nitaenda wapi na umri wangu?"

"Siwezi."

"Huwezi ao hutaki?"

"Sitaki," nikasema, na nilishangaa jinsi neno lilivyotoka bila kutetemeka. "Mkinikubali wote wawili, basi mimi ni wa wote wawili. Nikikuandikia wewe kidogo leo, kesho mwingine atamwandikia mtu kidogo na wewe ndiye utakayeumia."

"Sawa," akasema. Siku iliyofuata, saa ya chakula, aliniletea chai. Chai tupu, bila hata andazi. Akaiweka mbele yangu kwa heshima zote, akaenda kula na binti yake upande wa pili wa pazia. Niliinywa yote nikimsikia akimsifia Rukia samaki. Sasa nacheka, lakini siku ile niliona uchungu kweli, na nilirudi Mutakura nikiwa nimeamua mambo mawili: kwamba sitaandika kidogo, na kwamba hakuna tofali la nyumba ile litakalonipita bila kulijua.

Nilipokaa na kuhesabu, njia tatu hazikukutana. Hazikukaribiana hata. Ukilinganisha na majengo ya jirani yaliyouzwa, nyumba ya kona ilikuwa mali kubwa. Ukifuata kodi waliyolipa wapangaji, ilikuwa kama kibanda cha pembezoni mwa mji. Monsieur Déo alitazama karatasi zangu, akakuna kidevu. "Mzee alikuwa na roho nzuri, alipangisha kwa bei ya ujirani," akasema. "Achana na kodi. Chukua comparaison, ile ya kulinganisha, tumalize."

"Ulisema zisipokutana nirudi terrain."

"Nilisema." Akavuta pumzi kama mtu aliyejifunga mwenyewe. "Basi rudi. Lakini unajua utakachokuta, na mimi najua. Ni pas-de-porte."

Nilijua, kama alivyojua kila mtu aliyewahi kununua sindano katika mji huu. Mpangaji anapochukua mlango mzuri wa biashara, anampa mwenye nyumba pesa ya kuingilia, kubwa, mkononi, mbele ya watu wawili watatu wanaoaminika. Baada ya hapo kodi inakuwa ndogo na inabaki ndogo. Lakini mlango unakuwa kama wake. Akitaka kuondoka anamwuzia mwingine haki hiyo. Mwenye nyumba akitaka kumtoa, sharti amrudishie, na kwa bei ya leo. Mji mzima uliishi hivyo, na ripoti zetu za thamani zilipitisha jicho pembeni kwa sababu hakuna aliyeandikiana kitu. Tulithamini majengo kana kwamba milango yake ni mitupu, kisha mnunuzi anaingia na kukuta watu ndani wasiotoka. Sote tulikosea vile vile, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa.

Nikarudi, nikaanza mlango hadi mlango. Fundi cherehani, Mzee Ramazani, aliniwekea kigoda kabla sijamaliza swali. "Nilitoa, ndiyo. Niliuza shamba ya mama yangu. Muulize wa farmacie, alikuwa apo." Wa duka la dawa alikubali, akataja chake, akamtaja fundi kuwa shahidi. Muuza vyombo naye hivyo hivyo. Hakuna aliyesitasita, maana kwao halikuwa jambo la kuficha, ila tu hakuna mthamini aliyewahi kuwauliza. Nikaandika kila mlango na haki yake. Kisha nikafika kwenye kona.

Nilimwuliza Mama Rukia swali lile lile kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa nimeuliza milango yote na huu ulikuwa mlango. Alikuwa akikunja kitenge. "Mi? Mi ni mutoto ya nyumba," akasema, akacheka. Halafu mikono yake ikasimama. Akakaa juu ya jora la kitambaa, jambo ambalo hakuwa akimruhusu mtu kulifanya. "Baba alikuwa mukali kwa biashara," akasema polepole. "Wakati nimeachika, nimerudi na Rukia mugongoni, nikamwambia nipe mulango wa kona, nitafute maisha. Akaniambia, mulango wa kona iko na bei yake, kila mutu anatoa. Nikavua bangili zangu za harusi. Zote. Nikaziweka apa," akagusa meza ya kukatia vitambaa, "akazichukua."

"Basi ulilipa pas-de-porte."

"Apana. Nilimupa baba yangu dhahabu. Mutoto hamudai baba yake."

"Na kama angekuwa Mzee Ramazani ndiye aliyemvulia dhahabu?"

Akakikunjua kitenge alichokuwa ameshakikunja. Mlango wa kona ulikuwa mkubwa kuliko yote, nao ndio uliobeba thamani ya jengo. Kama ulikuwa mtupu, ulikuwa wa mirathi, na mafungu mawili ni ya Nasor. Kama ulikuwa umelipiwa, haki ya mlango ilikuwa ya Mama Rukia kabla baba hajafa, na haikupaswa kugawanywa hata kidogo. "Nani aliona?" nikamwuliza. "Hakuna," akasema. "Na usiseme. Sitasimama mbele ya sheikh nimudai maiti."

Monsieur Déo alisema vivyo hivyo, kwa sababu nyingine. "Sans témoin, sans papier, bila shahidi wala karatasi, hatuandiki. Hao wengine wako na mashahidi. Yeye hana." Nilimwambia ninaandika, na kwamba kama hataki jina lake liwe chini ya ukurasa ule, langu linatosha. Alinitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. Mabati yalikuwa yakipigwa chini, na kwa mara ya kwanza alisubiri yanyamaze ndipo aseme. "Hutaandika kama jambo la hakika, kwa sababu hujui. Utauliza mbele ya wote wawili. Wakikana, unafuta. Ndiyo haki." Alikuwa sahihi, nami nilikubali. Leo nawafundisha vijana wangu vivyo hivyo, kwamba mthamini hana upande, lakini ana ruhusa ya kuuliza swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza.

Tulikutana Ijumaa baada ya sala, katika sebule ya juu, juu ya maduka. Kulikuwa na halwa, tende na kahawa chungu katika vikombe vidogo, na hakuna aliyegusa. Sheikh alikaa katikati. Nasor, mtu mnene mpole mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, alikuwa akichezea tasbihi. Monsieur Déo alikuwa amepanda ngazi zile kwa goti lake bovu, akaketi akihema, akasoma. Akataja haki za wapangaji, akazitoa, akataja thamani iliyobaki. Hata baada ya kutoa, ilikuwa kubwa. Nilimtazama Mama Rukia. Alielewa papo hapo kwamba hata akiuza kila jora la kitambaa hawezi kumlipa kaka yake. Hakulia. Alitazama dari, ile dari ya juu niliyoipenda, na mimi nilijisikia vibaya kupita kiasi, ingawa nilijua hesabu ni sahihi.

"Imebaki mlango mmoja," nikasema.

"Espérance," Mama Rukia akasema, kwa sauti ya kunizuia.

"Mlango wa kona. Wapangaji wengine wote walitoa pesa ya kuingilia. Ofisi inauliza kama ya kona ilitolewa au haikutolewa."

Nasor akainua uso. "Dada yangu si mupangaji. Amekaa bure nyumba ya baba, na hakuna mutu alimulaumu."

Mama Rukia alikaza macho kwenye mkeka. Niliona shingo yake ikikakamaa, niliona kabisa kwamba ataiacha ipite, kwa heshima ya baba aliyemvua dhahabu, na kwamba nikinyamaza kila kitu kitaisha salama na vibaya. "Ninaambiwa alitoa bangili zake za harusi," nikasema. "Zote. Ninauliza kama kuna anayejua. Kama hakuna, nafuta."

Sheikh aligeukia mmoja, akageukia mwingine. Tasbihi ya Nasor ilikuwa imesimama. Alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya, na kukaa kimya kusingekuwa hata uongo. Nikachukua kalamu. Nilikuwa tayari nimeinama juu ya ukurasa aliposema, bila kumtazama mtu, "Usifute."

Mama Rukia akageuza kichwa.

"Mi nilizipeleka kwa sonara," Nasor akasema. "Baba alinituma. Aliniambia ni mali ya nyumba, nisiulize. Nilijua ni zako, Zuwena. Nilikuonaka nazo siku ya harusi." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Na ile feza ndiyo nilipandia ndege ya kwanza. Ya Muscat. Baba hakukuambia?"

"Hakuniambia," akasema.

"Wallahi nilizania unajua. Nilizania ndiyo maana hukuniandikia."

Sheikh akatamka taratibu kwamba kilicho cha mtu katika uhai wa marehemu hakiingii katika mirathi, na Monsieur Déo akaniashiria niandike. Nikaandika. Hata ukiutoa mlango wa kona, mafungu ya Nasor yalimshinda dada yake kulipa, kwa hiyo jengo liliuzwa mwaka ule ule kwa mfanyabiashara mmoja wa Kinindo, pamoja na wapangaji wake na haki zao, na Mama Rukia akawa mpangaji katika nyumba aliyozaliwa, mwenye mlango ambao hakuna mtu angeweza kumtoa. Hakupata alichokitaka. Sijawahi kujidanganya juu ya hilo, na yeye hakuwahi kuniacha nijidanganye.

Lakini siku ile sebuleni hakuna aliyezungumza habari za mnunuzi. Nilipomaliza kuandika, Mama Rukia aliinuka, akavuka mkeka, akaketi mbele ya kaka yake, magoti yakikaribia kugusana. Akamkunjulia mikono yake miwili mitupu, mikavu, yenye alama za mkasi. Nasor akaishika yote miwili, juu kidogo ya viganja, pale bangili zinapokaa, akaanza kulia kwa sauti mbele yetu sote.

"Nilikuwa na hasira na we miaka yote, uliniacha ukaenda," Mama Rukia akamwambia, "na sikujua ni mi nilikulipia safari."